Tyubu Mbili Kwenye Friji ya Fundi

4 Februari

Sindano,

Salamu nimeziweka mwisho wa barua, ukizitaka soma yote. Nakujua. Ukikuta salamu juu unakunja karatasi unasema bibi mzima.

Nani kakutuma kutangaza mguu wangu? Jana kaja nesi wa kiume mpaka mlangoni, viatu vyeupe kama bwana harusi, anauliza, "Bibi mwenye kidonda ndiye wewe?" Mbele ya watu. Mimi nina heshima yangu mtaani humu, sijawahi kuitwa kwa kidonda. Nikamwambia mwenye kidonda kahama. Akacheka, akakaa kwenye ngazi, akasema mjukuu wangu aliye maabara ndiye aliyewapa habari. Haya, umejulikana.

Kidonda kipo. Kipo juu ya kifundo cha mguu wa kushoto, ukubwa wa kizibo cha soda. Kiatu kilinikwaruza, nami kwa hii sukari yangu sikusikia kitu mpaka soksi ikagandia. Sikukuambia kwa sababu wewe ukiambiwa jambo unalipeleka kwenye hadubini.

Sasa huyo nesi ananieleza utafiti wenu. Eti mnachukua kondo la nyuma na kamba ya kitovu cha watoto wa watu, mnatoa dawa, mnaitia kwenye jeli, wazee tupakwe. Nikamuuliza kama amekunywa kitu asubuhi. Mimi nimezaa watoto sita na hakuna hata siku moja mtu aliniuliza kondo langu limekwenda wapi. Liliingia ndoo, ndoo ikaondoka. Leo mnaniambia ndani ya ndoo mlikuwa na dawa. Basi niandikie kwa mkono wako mwenyewe: ni kitu gani hicho, cha nani, na kwa nini nipakwe mimi?

Uniandikie upesi. Daktari wa vidonda amesema kisipofunga mpaka mvua zikianza, "tutazungumza habari ya kukata." Kasema hivyo huku anatafuta kalamu yake, kama anaongelea kitambaa. Sitaki kukatwa, Sindano. Mguu huu nimeutembelea miaka yote na bado nina mahali pa kwenda nao.

Simu imekufa, betri imevimba kama chura. Na sitaki nyingine. Kwenye simu unanikatiza maneno.

Salamu.

Bibi yako


11 Februari

Shikamoo Bibi,

Ni kweli, nilisema mimi. Aliyeniambia mimi ni Fundi, yule mama mpangaji wako wa chumba cha uani, na tafadhali usimgombeze. Naye ana kidonda cha sukari chini ya unyayo, na mguu huo ndio unaokanyaga cherehani. Anaogopa kama unavyoogopa wewe, ila yeye anasema.

Umeniuliza ni kitu gani. Mama anayetarajia kujifungua kwa upasuaji anaombwa kabla, akiwa na akili zake timamu. Akikubali, damu yake inapimwa magonjwa. Mtoto akitoka, kitovu chake kikishakatwa na kufungwa vizuri, kile ambacho kingeingia kwenye ndoo yako kinakuja kwetu ndani ya chupa, kwenye boksi la barafu, bila jina. Mimi naosha damu, nakata kitovu vipande vidogo kama kitunguu, navipanga kwenye visahani vya plastiki na kuvimwagia maji ya rangi ya waridi ambayo ndiyo chakula chavyo. Navifungia kwenye kabati lenye joto la mwili wa mtu. Baada ya siku kadhaa nachungulia kwa hadubini, naona seli zinatoka kwenye kipande, moja moja, kama watu wanaochungulia nje baada ya mvua. Hizo tunaziita seli shina. Ni changa, bado hazijaamua kuwa ngozi au mfupa. Na kila zinapokaa zinatoa majimaji ambayo yanaziambia seli za jirani: tulieni, acheni kuvimba, jengeni.

Hayo majimaji ndiyo tunayachuja na kuyatia kwenye jeli. Hupakwi kondo la mtu, Bibi.

Kama yanafunga kweli kidonda cha mwenye kisukari, bado hatujui. Ndiyo maana ni utafiti. Nusu ya wagonjwa wanapewa jeli yenye majimaji, nusu jeli tupu. Tyubu zinafanana kwa kila kitu, zina namba tu, kila mgonjwa na yake. Mimi sijui namba ipi ni ipi. Nesi hajui. Daktari hajui. Anayejua ni mtu mmoja aliyejifungia na kompyuta yake, na hata chai hanywi na sisi. Ningejua, macho yangu yangekuona unapona hata kama huponi.

Na yote ya kawaida yanabaki palepale kwa kila mgonjwa: kuosha, bandeji safi kila siku, mguu juu, kutoukanyagia, sukari ishuke. Jeli haichukui nafasi ya hayo.

Ingia, Bibi. Nakuomba kama ulivyokuwa ukiniomba ninywe uji.

Mjukuu wako,
Sindano


20 Februari

Sindano,

Nimeingia. Nimetia sahihi, jina langu lote, nesi akashangaa mwandiko. Nikamwambia nimesoma darasa mbili tu lakini nilizisoma vizuri.

Uji wenyewe hukuunywa, uliumwaga dirishani. Nilikuona.

Fundi naye kaingia. Tumekwenda pamoja, mimi na fimbo, yeye na mwavuli anaouegemea kama fimbo kwa sababu bado anaona haya. Kila mmoja kapewa tyubu yake na namba yake. Nesi akapima vidonda kwa rula ya karatasi, akavipiga picha. Maishani nimepigwa picha mara chache, na moja sasa ni ya kidonda. Kila Jumatatu ya pili tunarudi, tunarudisha tyubu iliyokwisha, tunapewa nyingine. Dawa inataka baridi, na mimi friji sina, kwa hiyo tyubu zote mbili zinakaa kwenye friji ya Fundi, juu, pembeni ya mayai.

Kuhusu ulichoandika kwamba hujui namba ipi ni ipi. Vizuri sana. Umeandika kama mtu mwenye kazi yake anavyotakiwa kuandika, maana barua hupita mikono mingi. Nimesoma, nimeelewa, nimeikunja. Mtoto niliyemlea mimi hawezi kumpelekea bibi yake maji matupu. Sitasema zaidi ya hapo.

Fundi ana oda ya sare za shule ya watoto wa hapo kona. Anakanyaga cherehani mpaka ukuta wangu unatikisika. Mume wake alikwenda kutafuta kazi, nadhani bado anaitafuta. Wasichana wake wawili wanakula kwa mguu ule. Ninaufikiria mguu ule kuliko ninavyoufikiria wangu. Mimi nikikatwa nitakaa kitini nigombeze watu, kazi ambayo tayari naifanya. Yeye akikatwa, cherehani inasimama.

Salamu.

Bibi yako


3 Machi

Shikamoo Bibi,

Umeelewa nini? Bibi, sikukuandikia kwa mafumbo. SIJUI. Sikufanya mpango wowote kwa ajili yako na hata ningetaka nisingeweza. Inawezekana kabisa tyubu yako haina kitu. Niambie kwamba umenisikia.

Fundi akanyage kidogo, apumzike zaidi. Mwambie nimesema.

Sindano


26 Machi

Sindano,

Usinipigie kelele kwa herufi kubwa. Macho yangu ni mabovu lakini hayajafika huko.

Habari ya mguu wangu: kinafunga. Kizibo cha soda sasa kimekuwa punje ya mahindi. Nesi amepima mara mbili akidhani rula imekosea. Ananisifu mbele ya wagonjwa wengine, mtazameni Bibi, anafuata masharti. Na ni kweli nafuata. Naosha kwa maji ya chumvi aliyoniandalia, nabadilisha bandeji kila asubuhi, nakaa mguu juu ya stuli kama malkia asiye na nchi. Chai nakunywa kavu bila sukari, ina ladha ya maji ya kuoshea sufuria. Nafanya yote hayo kwa sababu naogopa.

Lakini sifurahi. Si hiki kilichotakiwa kufunga.

Fundi anachechemea. Anasema ni uchovu wa sare, atapumzika akimaliza, na sare haziishi. Tangu juzi anajipulizia manukato mguuni. Nimemuuliza ya nini, akasema, "Mama, mwanamke lazima anukie." Akacheka. Mimi sikucheka, maana chini ya manukato kuna harufu nyingine, na pua yangu haijazeeka.

Jumatatu iliyopita hakwenda kupimwa. Alinipa tyubu tupu nimrudishie, akaniambia nimwambie nesi ana mgeni.

Sasa nina swali, la mtu mwingine. Tuseme watu wawili wanakaa nyumba moja, tyubu zao friji moja. Tuseme mmoja anajua yake ndiyo ya kweli, akamwambia mwenzake, shika wewe hii, una watoto, nipe mimi hiyo yako. Wakawa wanabadilishana hivyo tangu mwanzo, na tyubu tupu zinarudishwa kila moja kwa namba yake, kwa hiyo hakuna aliyejua. Hilo ni kosa la kiasi gani? Na anayefanya kazi maabara, ambaye ni ndugu wa mmoja wao, anaweza kufukuzwa?

Mtu huyo anasubiri jibu.

Bibi yako


2 Aprili

Bibi,

Mtu huyo namfahamu. Alinilea.

Barua yako imefika leo saa sita. Kabla ya kushika kalamu nimempigia nesi, simu imeita hakuna aliyepokea, nimepiga tena, amepokea. Nimemwambia yote. Nimemwambia tyubu zenu zimebadilishwa tangu mwanzo, Fundi ana harufu kidondani, aende kumchukua nyumbani leo hii kwa gari la hospitali. Akasema amesikia, yuko na mgonjwa, akakata kabla sijauliza lolote. Kisha nimepanda ghorofani kwa mkuu wa maabara nimemwambia naye, kwamba anayefanya hivyo ni bibi yangu, na sababu ni kwamba anadhani nilimpendelea. Alivua miwani.

Nimekushtaki, Bibi. Utanuna, nuna. Kidonda cha kisukari kikinuka hakisubiri sare ziishe. Kinapanda. Leo kidole, kesho mguu, na baada ya hapo siandiki.

Barua hii nitampa dereva wa basi la jioni.

Sindano


2 Aprili

Sindano,

Sikusubiri jibu lako. Mtu anayesubiri jibu huku anajua jibu, huyo anapoteza muda.

Leo asubuhi binti mkubwa wa Fundi kabisha mlango. Anasema mama hajaamka kukanyaga, anatetemeka, anasema baridi. Nimeingia bila hodi. Nimefunua shuka. Vidole viwili vya mwisho vimekuwa rangi ya zambarau iliyoiva kupita kiasi, na wekundu umepanda mpaka juu ya kifundo. Nimemwambia simama. Akasema, "Mama, nina dawa ya kweli, itafanya kazi, ulisema." Ulisema. Neno hilo limenipiga kama fimbo yangu mwenyewe.

Tumemweka kwenye mkokoteni wa muuza maji, mitungi tukaishusha njiani, mwenye mkokoteni analalamika nikamwambia nitalalamika naye baadaye. Nimetembea pembeni mpaka hospitali, fimbo mkono huu, mkono wa Fundi huu. Walimpokea moja kwa moja ndani.

Mimi nikamfuata daktari wa vidonda mpaka chumbani kwake. Nesi alikuwepo. Nikasema nimekuja kusema jambo na nitalisema mara moja. Nikawaeleza: tyubu za Fundi nimepaka mimi, tyubu zangu kapaka yeye, wazo ni langu, alikataa nikamshurutisha. Mjukuu wangu hajui lolote, amenikana kwa herufi kubwa.

Daktari akauliza, "Kama hakukuambia, ulijuaje ya kwako ndiyo yenye dawa?"

Nilijua kwa sababu ni wewe. Sikuwa na kingine.

Hapo simu ya nesi ikaita, ikanyamaza, ikaita tena. Akaitazama akasema ni maabara. Nikamwambia pokea, huyo ni mjukuu wangu anakuja kunishtaki. Mwache anishtaki. Lakini andikeni kwamba mimi nimefika kwanza.

Niko kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Karatasi hii nimeomba kwa mfagiaji. Hawajatoka bado. Daktari alipoingia alisema wataokoa kinachookoleka. Sikumuuliza maana yake.

Binti zake nimewaambia mama yao anaoshwa kidonda. Mdogo ananitazama kama anayejua kusoma watu.

Bibi


29 Aprili

Shikamoo Bibi,

Nimekaa kimya kwa sababu nilisimamishwa kazi. Waliuliza, wakauliza tena, wakakagua kila mlango niliofungua tangu utafiti uanze. Wamekuta sikuwahi kuwa na njia ya kuzijua namba. Nimerudi juzi. Leo nimepokea chupa tatu asubuhi, watoto watatu wamezaliwa, nami nimeosha mikono mara mbili kama siku ya kwanza.

Nesi ameniambia Fundi amekatwa vidole viwili na mguu umebaki.

Wewe na Fundi mmetolewa kwenye utafiti, hilo unalijua. Ila kwa ajili ya matibabu ya Fundi daktari aliomba namba zenu zifunguliwe, na sasa nimeruhusiwa kukuambia. Nimezunguka na sentensi hii siku nzima.

Zote mbili zilikuwa jeli tupu, Bibi. Yako na yake. Hukumpa dawa na hukumnyima dawa. Wala yeye hakukupa. Mlibadilishana jeli na jeli.

Mkuu ameniuliza, basi kwa nini mmoja amepona na mwingine amekatwa. Nakuuliza wewe. Fundi alikuwa anaosha? Alikuwa anapumzisha ule mguu?

Wako,
Sindano


10 Mei

Sindano,

Barua yako niliisoma nikaiweka chini ya godoro, nikailalia, haikulainika.

Unauliza alikuwa anaosha? Hapana. Aliosha wiki ya kwanza. Kisha nikamwona anahangaika na bandeji huku sare zinamsubiri, nikamwambia mwenyewe, kwa mdomo huu, "Wewe unayo ya kweli, kanyaga, usijisumbue. Wa kujisumbua ni mimi niliye na maji matupu." Akakanyaga. Mimi nikakaa kwenye stuli nikaogopa, nikafanya kila alilosema nesi, maana nilidhani sina kingine. Huo ndio mguu wangu uliopona. Kamwambie mkuu wako.

Siwezi kumlaumu yeyote na nimetafuta. Nimekulaumu wewe mchana mmoja, haikukaa. Uliniambia kwa herufi ndogo, ukaniambia kwa herufi kubwa. Nilikupenda mpaka nikakufanya mwongo.

Fundi nimemwambia leo. Alikuwa kitandani, mguu juu ya mto, anashona vifungo kwa mkono. Nikakaa miguuni pake nikamweleza kama ulivyonieleza.

Akasema, "Kwa hiyo ulinipa maji."

"Nilikupa maji."

"Na mimi nikakupa maji."

"Ndiyo."

Akamaliza kifungo alichokuwa anashona. Akakata uzi kwa meno. Akasema, "Mama, vidole vyangu hutavirudisha. Usije hapa kuniangalia kwa macho hayo kila siku, sina nafasi ya kukuliwaza. Hizi sare bado zina mikono na kola. Unajua kukanyaga?"

Nikasema najua.

"Wala hujui," akasema. "Njoo."

Tumesogeza cherehani mpaka pembeni ya kitanda. Yeye anaongoza kitambaa kwa mikono, amejiegemeza ubavu, mimi nimekaa chini yake kwenye kigoda nakanyaga. Kwa mguu wa kulia, ule mzima, usianze. Wa kushoto uko juu ya stuli, na nesi kaukagua. Nikikanyaga haraka ananigombeza. Nikikanyaga polepole ananigombeza. Mshono wa kwanza umekwenda kama njia ya mlevi, kaufumua bila kunitazama. Huyu mwanamke ana mdomo, sikujua. Kila asubuhi kabla hatujaanza, naosha kidonda chake mwenyewe, nafunga bandeji mpya, na hapo hanigombezi. Anatazama dirishani.

Wewe rudi kwenye visahani vyako. Mkipata jibu, liwe ndiyo au hapana, uniandikie lilivyo, nami nitalisoma lilivyo.

Na hao wanawake watatu wa zile chupa, najua huna majina yao. Basi nisalimie hizo chupa.

Nakusikia, Sindano.

Bibi yako